Masika Niliyojifunza Nyanya Upya

Jumatatu, Machi 9

Nimerudi nyumbani leo. Mvua imeanza tukiwa bado tunasubiri karatasi ya kuruhusiwa, na Spoku akasema afadhali, maana miche yangu amekuwa akiimwagilia yeye na inaonekana imemchoka. Spoku ni mume wangu. Ni mwembamba na anatengeneza baiskeli, kwa hiyo jina lilimkuta tu njiani likamng'ang'ania.

Aliyeniambia niandike ni Dada wa Picha. Ni mtaalamu wa pale hospitali anayewafundisha upya watu walioumia ubongo, na kila alipoingia wodini alikuwa na kasha la picha, ndiyo maana nimempa jina hilo. Anasema homa haikugusa uwezo wangu wa kuandika, na kichwa kikipewa kazi kidogo kila siku hupona vizuri zaidi kuliko kikiachwa kulala. Basi naandika.

Ugonjwa wenyewe, kwa ufupi: homa ilipanda kichwani, ikakaa, wakaishusha kwa dawa za mshipa. Namjua kila mtu. Hesabu najua, njia za mjini najua, hata ugomvi wa zamani naukumbuka mpaka nani alianza. Ninachokosa ni kitu ambacho sikujua kama binadamu anaweza kukikosa. Dada wa Picha akinionyesha nyundo, nasema nyundo, ya kupigia misumari. Mwavuli, kikombe, ufagio, cherehani, vyote najua. Kisha anatoa picha nyingine. Naiona vizuri kabisa: kitu chekundu, mviringo, kina kijani kidogo juu. Nangoja, na hakuna kinachokuja. Si jina tu. Sijui kama kinaliwa, kama kinauma, kama kinaota au kinatembea.

"Hii ni nyanya, mama," akaniambia.

Nikasema asante. Neno nililisikia kama jina la jirani ninayesimuliwa habari zake lakini sijawahi kuonana naye.

Ni vitu vyenye uhai tu vilivyoniponyoka. Mboga, matunda, miti, wanyama, ndege. Na mimi kazi yangu ni kitalu cha miche. Mtaa mzima unaniita Mama Miche.

Hata hivyo niko hai, niko kitandani kwangu, mvua inapiga bati na mume wangu anakoroma pembeni. Wodini kulikuwa na wawili walioingia na homa kama yangu, na hawakutoka. Namshukuru Mungu kwa huu mkoromo.

Jumanne, Machi 10

Nimelala, nimekula, nimelala. Sijui nilikula nini. Kilikuwa kitamu.

Alhamisi, Machi 12

Mvua ilipopumzika nimekwenda kitaluni, nyuma ya nyumba. Mlango niliujua, komeo nililijua. Kopo la kumwagilia, jembe dogo, neti ya kivuli, mifuko ya kupandia, vyote vilikuwa pale kama nilivyoviacha. Katikati yao palikuwa na kijani. Kijani kirefu, kijani kifupi, kijani chenye meno pembeni. Nilisimama kama mgeni aliyeingia harusi ya watu asiowajua, anatabasamu tu.

Spoku aliniuliza, "Vipi, unaona inaendeleaje?"

Nikasema inaendelea vizuri.

Jumamosi, Machi 14

Mama mkwe amekuja. Ameshuka na mabegi mawili na mto wake wa kulalia, na kabla hajavua viatu akatangaza kwamba atakaa mpaka masika yaishe. Hakuna aliyemwita. Tangu nimeolewa, mama huyu akija huonja mchuzi wangu, hunyamaza kidogo, kisha huomba chumvi.

Leo amenikagua kuanzia kichwani hadi miguuni. "Nimesikia umesahau mboga," akasema. "Mimi nilidhani hukuwahi kuzijua, kwa jinsi ulivyokuwa unazipika."

Spoku alikohoa. Mimi nikasema naenda kupumzika.

Siandiki zaidi, nisije nikaandika dhambi.

Alhamisi, Machi 19

Leo nimefanya kosa na nalieleza lilivyo.

Niliamka na nguvu. Nikasema nitapalilia tuta la mwisho, kazi niliyoifanya miaka yote nikiwaza mambo mengine. Nilipochuchumaa nikaona mimea ya aina mbili. Mmoja mdogo, dhaifu, umejipanga. Mwingine una afya, majani mapana, umetapakaa. Nikafikiri: mtu anayepanda kitu chake hupanda kizuri. Nikang'oa ile midogo yote, nikaipanga kando vizuri, nikaona fahari.

Spoku aliporudi mchana alisimama pale tutani muda mrefu. Ilikuwa miche ya pilipili hoho, yote. Nilichoacha yalikuwa magugu.

Hakunisema. Alikunja suruali, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kurudishia iliyokuwa na mizizi mizima. Mama mkwe alitoka na kiti, akaketi barazani, akatazama. Hata yeye hakusema kitu, na kutoka kwake hilo liliniuma kuliko maneno. Baadaye nikamsikia Spoku getini akimwambia mteja, "Mke wangu yuko sawa kabisa, ni uchovu tu."

Anasema hivyo kwa kila mtu. Najua anafanya kwa upendo. Lakini nikisikia hivyo najiona kama baiskeli iliyopakwa rangi ili mnunuzi asione kutu.

Jumanne, Machi 24

Siku hizi nashinda karakana kwa Spoku. Zamani sikukanyaga pale, nilichukia grisi. Sasa nikiingia, kila kitu kinanipokea. Spana namba kumi na nne. Pampu. Solusheni ya kubandikia viraka. Mnyororo, ringi, breki, kiti chenye springi moja iliyokufa. Nikishika kitu mkono unajua uende wapi.

Nimeziba tyubu nne. Spoku anasema kiraka changu ni kizuri kuliko chake, na sidhani alikuwa ananifariji, maana alikitazama kwa wivu.

Alhamisi, Aprili 2

Mvua tangu alfajiri. Nguo hazikauki. Mama mkwe ameomba chumvi.

Jumatano, Aprili 8

Sikuandika jana. 

Jana nilitaka kupika mwenyewe. Nilikuwa nimechoka kukatiwa, kupakuliwa na kuangaliwa. Mama mkwe alikuwa amelala chumbani kwake, Spoku yuko karakana. Nikachukua bakuli, nikaenda uani kuchuma mboga. Nilijua mboga ni majani, na kando ya ukuta wa nyuma majani yalikuwa mengi, mapana, laini, yamenawiri kwa mvua. Nikachuma. Nikaosha. Kisu nakijua, ubao naujua, sufuria naijua, kwa hiyo mikono ilikwenda haraka na kwa furaha, na nadhani furaha hiyo ndiyo iliyonipumbaza.

Mama mkwe alitoka nikiwa nimeshakata. Akasimama mlangoni. Akatazama bakuli, akanitazama mimi, akavuta kiti akaketi.

Spoku alirudi kula akiwa na haraka, kuna mtu alikuwa anasubiri gurudumu. Nikampakulia yeye kwanza. Alipoambiwa nimepika mwenyewe, uso ukamchangamka kama mtoto. Alikula sahani nzima. Aliongeza. Sasa najua yalikuwa machungu, na aliongeza hivyo hivyo.

Aliondoka. Mimi na mama hatukuwa tumeanza kula. Nilikuwa nachemsha maji ya chai alipokuja mbio mshona viatu, yule anayekaa jirani na karakana.

"Mama Miche, njoo. Mzee anaokota vitu hewani."

Nilimkuta amekaa chini katikati ya baiskeli. Mikono yake ilikuwa inachuma kitu kisichokuwepo, kimoja kimoja, anakipanga mapajani. Midomo imekauka mpaka imepasuka. Ngozi yake moto. Mboni zilikuwa zimetanuka, macho yote meusi. Nikamwita kwa jina lake la kweli, ambalo huwa situmii. Akanitazama vizuri, kwa adabu, kama unavyomtazama mtu dukani.

"Samahani dada," akasema, "nikusaidie nini?"

Nimekuwa mgonjwa wiki zote hizi na sikuwahi kumsahau yeye. Jana ndipo nilipojua wao walikuwa wanaona nini wakinitazama mimi.

Tukampakia kwenye gari la mwenye duka wa jirani. Mama mkwe, aliyekuwa amenifuata mbio, hakupanda. Nikamwona anageuka na kurudi nyumbani anakimbia, na umri ule, na tope lile. Alitufikia hospitali akiwa na mfuko, na ndani ya mfuko vikonyo na maua meupe marefu kama tarumbeta aliyoyakuta kwenye ndoo ya taka. Akamwekea daktari mezani.

"Amekula hii," akasema. "Ni mnanaha, una sumu. Sahani mbili."

Daktari alisema mfuko ule umewaokolea muda ambao wangeupoteza kwa kubahatisha. Wakamsafisha tumbo, wakamwekea dripu, wakamfunga mikono kwa shuka laini asijichomoe.

Jioni alifika shemeji, kaka yake mkubwa. Hakunisalimia. Alizungumza na mama yake mbele yangu kana kwamba mimi ni kabati.

"Mama, huyu mwanamke arudishwe kwao mpaka apone. Siku nyingine ataua mtu."

Nilikuwa nimeshaanza kukubaliana naye moyoni. Nilikuwa hata napanga nguo zipi nichukue.

Mama mkwe alikuwa anakung'uta tope kwenye gauni lake. Hakuinua sauti. "Kwao ni wapi?" akauliza.

"Mama, unajua ninachosema."

"Najua. Nami nakuambia kwao ni pale kwetu. Hizo mboga nilifika zikiwa zimeshakatwa. Nilitaka kumuuliza amezichuma wapi. Nikaona amefurahi, nikameza swali. Mimi, ambaye sijawahi kumeza neno tangu nizaliwe. Kama ni kurudishwa kwao, tutarudishwa wawili. Sasa nenda ukalete maji, mdogo wako akiamka atakuwa na kiu."

Shemeji akaenda kuleta maji.

Nimeishi na mama huyu nikihesabu chumvi zake. Jana nilimshika mkono, na hakuutoa.

Alhamisi, Aprili 9

Ameamka. Kitu cha kwanza: "Mke wangu, ulitia nini?" Kitu cha pili: maji. Cha tatu, alieleza kwamba aliona baiskeli zikipanda ukutani, nzuri ajabu, na anasikitika hakukagua gia zake.

Nilitaka kuomba radhi, akaniwekea kidole mdomoni. "Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu uko sawa," akasema. "Nilirudia mpaka nikaamini mwenyewe. Tusifiche tena."

Nilikwenda msalani nikalia, nikanawa, nikarudi. Ahsante Mungu. Sina neno lingine, na hili naliandika mara mbili. Ahsante.

Jumatatu, Aprili 13

Tumerudi wote nyumbani. Sikanyagi jikoni. Sikanyagi kitaluni. Nakaa karakana na vyuma vyangu.

Alhamisi, Aprili 16

Dada wa Picha amekuja hadi nyumbani, bila kasha lake. Alikwisha sikia habari ya mnanaha. Nilidhani atanipa pole. Badala yake aliomba tuketi kitaluni, na kwa kuwa ni mgeni nilishindwa kukataa. Mama mkwe akaja na kiti chake.

Nilimuuliza swali lililokuwa linanikereketa: inawezekanaje nijue spana nisijue nyanya? Nilizishika nyanya maisha yangu yote, spana nimeanza juzi.

"Watu wanadhani kila kitu kina sehemu yake moja kichwani, kama sanduku, unafungua unakikuta," akasema. "Sivyo. Rangi ya kitu iko mahali fulani, sauti yake pengine, harufu pengine, na jinsi mkono unavyokishika pengine. Halafu kuna sehemu hapa," akagusa pembeni ya paji langu, chini kidogo, "inayokutanisha habari hizo, ndipo unasema, aa, hii ni nyanya. Homa yako iliunguza hapo. Nyundo iliweza kusimama tena, kwa sababu mkono una habari zake nyingi, unaisaidia. Vitu vyenye uhai tunavitegemea macho zaidi. Nyanya na pilipili zinafanana mambo mengi, zinatofautiana kwa vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo vilivyoungua."

"Vitarudi?"

"Vingine. Vyote havitarudi, mama. Sitakudanganya."

Nilishukuru kwa hilo. Tangu niugue, ni wachache waliokubali kunipa habari mbaya mkononi.

Kisha akasema, "Lakini wewe si kama mimi ambaye nyanya naikuta kwenye sahani. Wewe umeifanyia kazi. Tuache macho kwanza. Yafumbe."

Nikayafumba. Akaniletea mche kwenye mfuko wake, akaniwekea mapajani. Nilishika shina. Lilikuwa na vinyweleo. Sikuwaza chochote, na nataka niandike hili kwa uangalifu kwa sababu ndivyo lilivyotokea: kidole gumba na cha shahada vikapanda vyenyewe, vikatafuta pembe kati ya jani na shina, vikakuta kichipukizi, vikakibana, vikakitoa. Harufu ikanijia, kali, kama chuma na kijani pamoja.

"Huu unaondolewa machipukizi ya pembeni," nikasema. "Usipoyaondoa unakuwa kichaka, hauzai vizuri. Unafungiwa kijiti."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna."

"Fumbua."

Nikafumbua. Kijani. Kwa macho ulikuwa mgeni vilevile. Lakini vidole vyangu vilikuwa vinanuka mtu ninayemjua.

"Ni nyanya," akasema Dada wa Picha.

Mama mkwe alipiga kofi moja mapajani. "Basi tumepata pa kuingilia," akasema.

Jumatatu, Aprili 20

Sheria za nyumba, zimepitishwa na mama mkwe bila kupigiwa kura: hakuna jani linaloingia sufuriani bila kuonwa na watu wawili, na mmoja wao asiwe mimi. Mnanaha wa ukutani umeng'olewa na Spoku, akiwa amevaa glavu na uso wa kisasi.

Jumapili, Aprili 26

Tunasoma kila asubuhi, mvua ikiwepo tunasomea barazani. Mama haniulizi "hiki ni nini." Ananiuliza "hiki kinafanya kazi gani," kama Dada wa Picha alivyoelekeza, kisha ananipa nishike, nikate, nimenye, ninuse, nionje. Kitunguu nilikijua kwa kisu. Nilipokipasua machozi yakatoka na mkono ukataka kutupa maganda pembeni. Karoti niliijua kwa ule mlio wa kuivunja. Limau nililijua kwa ulimi, uso mzima ukajikunja, mama akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Huo ndio uso wako wa siku ile nilipokuja," akasema.

Nikacheka nami. Ni kweli kabisa.

Wanyama ni wagumu. Huwezi kummenya paka. Kuna kile chenye miguu miwili kinachotembea uani kwa haraka, kichwa kinatangulia, kama kimechelewa kikao. Ni kuku. Nimeambiwa mara nyingi. Nikimwona simjui, lakini akilia namjua mara moja.

Jumamosi, Mei 2

Mvua. Matuta yamejaa maji, tumechimba mfereji wote watatu. Nimekula vizuri.

Jumatatu, Mei 4

Leo nyanya imepotea. Nilishika mche, nikanusa, nikafumba macho, na vidole vikakaa tu kama vya mtu anayesubiri basi. Jana niliujua. Juzi niliujua. Niliutupa chini nikalia kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya hata wodini.

Mama mkwe hakuja kunikumbatia. Aliuokota mche, akaupangusa tope.

"Umeujua mara ngapi mpaka leo?" akauliza.

"Nyingi."

"Basi si mgeni, ametoka tu. Nenda ukalale."

Nilikwenda nikalala. Nilipoamka alikuwa ameuweka dirishani, karibu na kichwa changu, na harufu ndiyo iliyoniamsha. Nyanya, nikajiambia, nikiwa bado nimefumba macho.

Jumanne, Mei 12

Leo alikuja mtunza bustani wa shule, mteja wangu wa miaka mingi, mzito na mpole, anayetembea kama anaogopa kukanyaga kitu. Anataka miche ya nyanya na ya pilipili hoho kwa ajili ya shamba la wanafunzi. Spoku yuko karakana. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

Ningeweza kumwambia arudi kesho. Midomo ilikuwa imeshafunguka. Lakini niliikumbuka sauti ya Spoku pale hospitali, tusifiche tena.

"Bwana," nikasema, "homa iliniharibu kichwa. Mimea nikiitazama siijui. Ninaijua kwa kushika, na inachukua muda, na siku nyingine inashindikana. Ukiweza kunisubiri nitajaribu."

Akavua kofia, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mimi mvua imenifukuza bustanini," akasema. "Sina pa kukimbilia."

Nilipita tuta kwa tuta nimefumba macho, nashika mashina, nasugua jani, nanusa vidole. Huu hapana. Huu hapana. Huu una vinyweleo, gumba limepanda lenyewe, harufu ya chuma. Nikaendelea mpaka mwisho wa tuta nikiwa na hofu ya kufumbua. "Hizi," nikasema. "Nyanya."

Nikafumbua macho. Mtunza bustani alikuwa ameshaanza kuipanga kwenye kreti, na mama mkwe alikuwa ameingia ndani, sikuelewa kwa nini, mpaka nilipomsikia anapenga kamasi.

Pilipili hoho zilinishinda. Nilishika, nikanusa, patupu. "Hizi sizijui," nikamwambia. "Mama atakuonyesha." Akasema hakuna neno, na mama akaja kumwonyesha. Zilikuwa zile alizorudishia Spoku kwenye tope, zilizopona. Nyingi zilipona.

Alipokuwa anaondoka aliniambia kaka yake aliumia kichwa kazini na nyumbani wanamficha kwa wageni. Akauliza kama Dada wa Picha anapokea watu wengine. Nikamwelekeza.

Alhamisi, Mei 14

Shemeji amekuja, ameketi kula, ameuliza mboga imechumwa na nani. Mama akasema imeonwa na watu wawili. Akala. Alipoaga alinipa mkono.

Jumapili, Mei 24

Mvua zimepungua, sasa ni manyunyu ya jioni tu. Mama mkwe ameondoka leo. Jana alinikuta nakunja nguo zake, akaniambia niache, nami nikaendelea.

"Nikuambie ukweli," akasema. "Sikuja kukuuguza. Nilikuja kumlinda mwanangu. Nilijua atajidanganya."

"Nilijua, mama."

"Halafu nikakuona unavyoamka kila siku kwenda kusalimia vitu visivyokujua." Akanyoosha pindo la gauni nililokuwa nakunja. "Mimi nisingeweza."

Nikaendelea kukunja gauni lile lile. Kisha akaniomba kitu ambacho hajawahi kuniomba, nimpikie chakula cha kuondokea, peke yangu, yeye atakuwa mtu wa pili wa kuangalia. Nimepika leo asubuhi. Alikula taratibu. Niliweka kopo la chumvi mezani mapema, na hakuligusa. Sijui kama ni upendo au chumvi niliikoleza vizuri.

Spoku amemsindikiza. Nyumba imekuwa kubwa.

Alhamisi, Mei 28

Nimekwenda hospitali peke yangu, mara ya kwanza. Anga limesafishika. Dada wa Picha alinipitishia kasha zima. Vifaa vyote sawa. Vyenye uhai, kwa picha tu, bado ni vichache mno, na alinionyesha bila kuficha. Alisema kwa macho huenda nisiende mbali zaidi ya hapa. Kwa mkono na pua, bado kuna safari. Anaomba nimsaidie siku za kliniki, nikae na kaka wa yule mtunza bustani, ambaye ameshaanza kuja. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Nilipotoka getini palikuwa na mwanamke amepanga matunda juu ya gunia, mafungu mafungu. Vitu vya mviringo, rangi ya manjano inayoelekea nyekundu, ngozi yenye vitundu. Nilisimama. Nilikishika kimoja, nikakinusa, nikafumba macho. Mkono haukusema kitu. Sikuwahi kuvipanda hivi, na labda ndiyo sababu.

Zamani kidogo, kama mwezi tu, ningekirudisha nikaenda zangu.

"Dada," nikamwambia, "hiki ni nini?"

Alidhani namtania. Akanitazama usoni, akaona sitanii. Hakuuliza zaidi. Alichukua kisu, akakikata vipande vinne, akanipa kimoja. "Ni chungwa," akasema. "Kula."

Nikala nimesimama hapo barabarani. Maji yalipasuka mdomoni, matamu, na ukali kidogo nyuma yake, yakanitiririka hadi kwenye kiwiko. Nina umri wa mtu mzima na sijui ni machungwa mangapi nimekula maisha yangu. Leo sikuwa na hata moja la kulilinganisha nalo. Nilikaa chini kwenye ukingo wa gunia lake.

"Tamu?" akauliza.

"Ni tamu sana," nikasema. "Nieleze habari zake."

Akavuta kigoda karibu, akamenya la pili, akaanza kunieleza: linaota kwenye mti, mti una miiba, maua yake meupe yananukia mpaka mbali, ganda lake ukilikamua mbele ya moto, mwali unaruka. Alieleza polepole, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. Wateja walikuja, wakasubiri.

Nimemletea Spoku mafungu mawili. Amekula, nami nikamwangalia anavyokula. Kesho nikiamka huenda nisilijue tena. Nitakwenda kumuuliza yule muuza machungwa.